Chumba Kilichomfaa Sungura

Asubuhi niliyoondoka Karatu sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na mfuko wa rambo wenye gauni moja, sweta la marehemu mama yangu, na kikombe cha bati ambacho hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukinywea. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka juu ya mabati ya nyumba, na majogoo waliwika kana kwamba wamepotea ndani yake. Nilifungua geti taratibu, si kwa kuogopa kumwamsha mtu, ila lilikuwa na kelele mbaya na sikutaka kuisikia mara ya mwisho. Nilipofika barabara ya lami nikasimama. Kuteremka ni Mto wa Mbu, halafu Arusha. Kupanda ni geti la Ngorongoro. Nikapanda, kwa sababu moja tu: kuteremka nilishawahi kwenda. Tangu siku hiyo nimekuwa nikichagua njia kwa namna hiyo, na sijawahi kupata namna bora zaidi, ingawa imenilaza mahali pengi pabaya. Watu huniuliza kama niliacha shule kwa sababu ya umaskini. Niliacha kidato cha pili kwa sababu mwalimu alinichapa nilipouliza swali la tatu katika kipindi kimoja, nami nikaona huko nje maswali hayahesabiwi.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita nilirudi kumzika Bibi, mama wa bwana niliyekuwa nikimfanyia kazi mwaka ule. Alizikwa shambani kwao Qurus, juani, kwenye udongo mwekundu uliokuwa umekauka hata majembe yakawa yanadunda. Baada ya mazishi tulikaa kwenye maturubai tukila makande, na mwanamke mmoja mnene, mwenye miwani ya jua kichwani, akanijia mikono wazi. Alikuwa Eliza, mjukuu wa Bibi, ambaye nilimfulia na kumsuka akiwa na meno ya utoto. Siku hizi ana magari yake ya watalii. "Dada! Jamani Dada!" akaniambia, akinibana kifuani. "Unamkumbuka Snowi? Sungura wangu?" Nikamwambia namkumbuka. Akamwita mumewe. "Njoo umwone aliyenilea. Huyu anaitwa..." Akasimama hapo. Akanitazama huku akitabasamu, akisubiri nimsaidie. Sikumsaidia. Nilitaka kuona atatafuta mpaka lini. Alitafuta, uso wake ukawa mwekundu, kisha mumewe akanipa mkono na kusema, "Karibu sana, Dada," na mambo yakaisha. Jina la sungura lilikuwa limekaa kichwani mwake miaka yote hiyo. Langu halikuwahi kuingia.

Nyumba ilikuwa mjini Karatu, ya matofali ya kuchoma, na chumba changu kilikuwa stoo. Nimelala katika vyumba vingi baada ya hapo, lakini kile nakijua kuliko vyote. Kilikuwa nyuma ya jiko, na ukuta wake mmoja ulikuwa ukuta wa jiko lenyewe, kwa hiyo kuni zilizopika chakula cha jioni zilinipasha mgongo hata baridi ya Julai iliposhuka kutoka msituni. Sakafu ilikuwa ya saruji. Kulikuwa na dirisha dogo lisilo na kioo, na mlango wenye komeo. Magunia ya maharage ya ngwara yalipangwa hadi juu upande mmoja, na godoro langu lilienea upande wa pili kama limepimwa. Kila jioni nilichota majivu ya moto jikoni nikayamwaga kwenye kizingiti na chini ya dirisha, mstari mnene, kuzuia siafu. Nilijifunza kwetu Endabash. Ilikuwa kazi ndogo, kama kunawa miguu, na hakuna aliyeitazama.

Walinipa stoo si kwa wema. Mama yangu alikuwa amekufa muda mfupi kabla sijaja, na Bibi, aliyekuwa akiishi pale kwa mwanawe, alikuwa mtu wa zamani. Sisi Wairaqw tulikuwa na desturi iliyoitwa metimani: aliyeguswa na kifo anakaa kando, chombo chake kando, hakaribii ng'ombe wala mbuzi wa mtu, mpaka mwaka uishe. Wengi walishaiacha. Bibi hakuiacha. Alikubali nifue, nipike na kulea mjukuu wake, kwa sababu kazi haikumhusu aliyekufa, lakini sahani yangu na kikombe changu vilikaa dirishani peke yake, na jioni ng'ombe wa jirani walipopita njiani aliniita ndani kama mtu anayeanua nguo mvua ikija. Baba Eliza aliona aibu kidogo. Alikuwa dereva wa watalii, amezoea kueleza mila za watu kwa Kiingereza, lakini mila ya mama yake mwenyewe hakujua aielezeje. Mama Eliza alifanya kazi ya mapokezi kwenye lodji, na maneno makali kabisa aliyasema kwa sauti ile ile ya kukaribisha wageni. "Dada, mpenzi," aliniambia wiki ya kwanza, "ukisikia njaa usisogelee meza. Sema tu." Nami, niseme ukweli, nilifurahi. Sikuwahi kuwa na chumba changu kabla ya hapo, na kutengwa kulinipa mlango wenye komeo.

Habari ya sungura ililetwa na Baba Eliza kutoka kreta ya Ngorongoro. Alikuwa amewabeba wageni wenye binti wa umri wa Eliza, na yule mtoto, badala ya kutazama simba, alilia njia nzima akimkumbuka sungura wake aliyeachwa kwao kwa jirani. Baba Eliza aliguswa sana. Alirudi akaamua kwamba mtoto asiye na mnyama wake hakui vizuri. Nilikuwa jikoni, na kati ya jiko na sebule kulikuwa na tundu la kupitishia sahani, kwa hiyo nilisikia kila kitu mwaka ule kama mtu mwenye redio.

"Si wa kula, Mama," alisema. "Ni wa kushika tu. Mtoto anamshika, anamchana manyoya, anampa jina."

"Halafu?" Bibi akauliza.

"Halafu basi."

"Halafu akinenepa?"

"Akinenepa ni mnene, Mama."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu amesomea kuendesha gari, akili akawaachia Wazungu humo ndani."

Waliendelea hivyo miezi. Walibishana juu ya sungura ambaye hayupo kuliko walivyobishana juu ya ada, shamba au kanisa. Eliza alilia mezani, akagoma kula, akaahidi kuwa wa kwanza darasani. Jina likapatikana kabla ya mnyama: Snowi, maana angekuwa mweupe. Ila angelala wapi? Banda la kuku halikufaa, wangemdonoa macho. Chini ya kihenge kulikuwa na paka wa jirani. Bibi alisema wachimbe tu mlimani, kama babu zetu walivyochimba nyumba ndani ya ardhi ili wavamizi wapite juu ya paa bila kujua. "Na huyo mnyama wenu akichimba upande wa pili mtamkuta Mbulu," akaongeza, akacheka peke yake. Baba Eliza alichukua jembe kweli, Jumamosi moja, akachimba karibu na choo. Mvua ikanyesha, shimo likajaa maji mekundu, na likabaki pale.

Wakati wakisubiri uamuzi, Eliza alinitumia mimi. Alikuja dirishani kwangu na jani la kabichi. "Dada, fanya sungura." Nikamwambia nimechoka. "Fanya, la sivyo nitamwambia Bibi umegusa kikombe changu." Nikachuchumaa sakafuni, nikatikisa pua, nikala lile jani likiwa na mchanga wake. Siku nyingine alileta wenzake, na Bibi akaburuta kiti chake nje aone vizuri. "Tafuna kwa meno ya mbele," alinielekeza. Alisema kweli. Sungura hutafuna kwa meno ya mbele. Nilitafuna kwa meno ya mbele, na watoto wakapiga makofi.

Mimi ni mtu ambaye jambo likitajwa mbele yake halilali. Kama walikuwa wanabishana juu ya sungura, basi nilitaka kumjua sungura. Nilipotumwa Qurus kuchukua ngwara, nilipita kwa Mzee Tluway aliyefuga sungura wa kuuza nyama. Nilimkuta kaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa katikati ya vibanda vyake. Nikamuuliza wanakunywa kiasi gani, wanaona usiku, wanalia lini, kwa nini mama huwala watoto wake. Alijibu yote, akifurahi kuulizwa. "Baridi kavu wanaivumilia," alisema. "Unyevunyevu unawaua. Upepo wa pembeni unawaua. Udongo watachimba, kwa hiyo mweke kwenye saruji au mbao. Mlango ufungwe kwa komeo. Na siafu, siafu ndio mwisho wake, maana yeye hakimbilii popote." Akamtoa mmoja, wa kijivu, akanisukumia. "Mshike ujue uzito wake."

Nikaweka mikono nyuma. "Nimefiwa, Mzee."

Alielewa mara moja, akamrudisha kifuani kwake. "Sasa unauliza yote hayo ya nini, na humgusi?"

"Nataka kujua tu."

"Mwaka wako ukiisha uje," akasema, na huku akiniambia habari ya majani yanayowaharisha, akachukua kipande cha mti kilichokuwa kimeegemezwa mguuni pake, akampiga yule wa kijivu nyuma ya masikio. Alikuwa na wageni jioni ile. Mnyama alirefuka tu mkononi mwake. Nikauliza kama ni lazima kupiga pale pale. Akasema ni lazima, ukikosea anapiga kelele kama mtoto.

Nilirudi nimejaa habari. Jioni ile nilisimama kwenye mlango wa jiko, kwa kuwa mezani sikuruhusiwa, nikawaeleza. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile walinisikiliza wote, hata Mama Eliza aliacha kijiko hewani, na utamu wa kusikilizwa ukanifanya nieleze kwa mpangilio, bila kuruka kitu. Pakavu. Pasipo na upepo. Sakafu ya saruji. Ukuta wenye joto, ikiwezekana. Dirisha dogo. Mlango wa komeo. Siafu wasifike. Nilipomaliza, Bibi ndiye aliyecheka kwanza, polepole, akinitazama kwa kile ambacho karibu nikiite heshima.

"Mtoto huyu ametueleza stoo," alisema.

Nikajisikia kama niliyejipima jeneza. Baba Eliza akatazama sahani yake. Eliza akaruka kwenye kiti. "Stoo! Stoo!" Mama Eliza alisema, "Siafu je?" na Bibi akajibu, "Stoo ile hawajaingia, mwaka huu wote." Ilikuwa kweli. Kwa nini hawajawahi, hakuna aliyeuliza, nami nikarudi jikoni.

Nilikuwa na tumaini moja, nalo lilitoka kwa Bibi mwenyewe. Kama mimi sikuruhusiwa kukaribia mifugo, sungura angewezaje kuletwa pale nilipo? Nilimsikia akilitafakari jambo hilo kesho yake, kupitia tundu, kwa uzito wa mzee wa baraza.

"Anakula majani?"

"Anakula, Mama."

"Anazalia nyumbani?"

"Anazalia."

"Basi ni mfugo. Mwenye metimani hamkaribii."

"Mama, sisi ni Wakristo," Baba Eliza akasema, na moyo wangu ukamlaani, maana Ukristo wake ulikuwa unataka kuniharibia.

"Nami napokea komunyo kila Jumapili. Mfugo ni mfugo."

Nikaacha kuosha vyombo, nikasubiri. Halafu sauti ya mapokezi ikasema, laini kabisa, "Kwa hiyo Dada ndiye asogee." Na Bibi akasema, "Ndiyo, asogee," kwa wepesi wa mtu anayeambiwa chai iko tayari. Mizani ile haikuwahi kuwa na upande wangu. Nimeishi na watu wengi wakatili tangu hapo, waliopiga, walioiba, na wote niliweza kuwachukia wakaisha. Wale walikuwa wanatafuta tu mahali pazuri pa sungura.

Hakuna aliyeniambia. Alikuja fundi. Nilikuwa sakafuni nachambua maharage alipoingia na futi yake. "Dada, sogeza miguu nipime." Akapima urefu wa godoro langu. "Ataenea?" Eliza akamuuliza kutoka mlangoni. "Nani, huyu au sungura?" fundi akasema, na wote wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ilichekesha. Akapigilia waya kwenye dirisha nikiwa bado ndani.

Snowi aliletwa Jumapili baada ya misa, ndani ya boksi la mafuta ya kupikia lililotobolewa matundu. Majirani walijaa uani. Walimpitisha mikono kwa mikono, kila mmoja akisema alivyo mwepesi, au alivyo mzito, hawakukubaliana, nami nilisimama karibu na tangi la maji nikitamani mno kujua nani anasema kweli. Godoro langu lilikuwa limehamishiwa jikoni, kando ya kuni. "Ni kwa muda tu, mpenzi," Mama Eliza alisema. Jikoni kulikuwa na joto mpaka moto ulipozimika. Asubuhi ile niliyoondoka, kabla ya kuchukua mfuko wangu, nilizunguka nikachungulia kwenye waya. Alikuwa amelala mahali pangu hasa, mgongo kwenye ukuta wa jiko. Alikwishajua palipo na joto. Alifungua jicho moja, jekundu, akanitazama bila kunidharau wala kunijali, akalifumba.

Siku ya mazishi ya Bibi, Eliza ndiye aliyenieleza mwisho wa Snowi, huku akinimiminia soda. Haikupita hata wiki tangu niondoke. Siafu waliingia stoo mvua ilipoanza, na kwa kuwa dirisha lilikuwa na waya na mlango una komeo, hakuwa na pa kwenda. "Na hawajawahi kuingia mle, Dada! Unakumbuka? Sijui kwa nini siku ile." Alikuwa na machozi ya kweli. Nilimuuliza kama walimmaliza kabisa au walibakiza manyoya. Alinitazama vibaya, lakini nilitaka kujua. Walibakiza manyoya. Habari ya majivu sikumwambia, na sikuona sababu ya kumwambia, naye akarudi kwa wageni wake.

Basi nilipanda, ile asubuhi, na kabla ya kufika getini lori la mahindi likasimama. Juu ya magunia alikaa mwanamke wa Kimasai wa makamo, shanga shingoni, shuka mbili kwa baridi, anapeleka chakula kwao Nainokanoka. Aliitwa Mama Nasieku. "Wewe Mmbulu unakwenda wapi huko?" akaniuliza, kwa jina wanalotuita Wairaqw. "Huko hakulimwi. Tunakula mahindi yenu." Nikamwambia sijui niendako. Akasogea nikapanda. Getini askari alinyoosha kidole. "Na huyu?"

"Mtoto wangu."

"Mtoto wako Mmbulu?"

"Baba yake alikuwa anapenda safari," Mama Nasieku akasema, na lori zima likacheka, na askari akafungua. Hakunitazama aone kama nimeumia. Aliona amefanya kazi iliyotakiwa.

Nainokanoka ilikuwa vibanda vichache vya maduka, ng'ombe ndani ya ukungu, na baridi iliyoifanya ya Karatu ionekane mzaha. Jua lilikuwa linazama bila kuonekana tulipofika kwake. Nyumba ilikuwa ya chini, ya fito na samadi, giza ndani, moto katikati, moshi ukiuma macho. Kwenye kona ya upande wa moto kulikuwa na sehemu iliyozungushiwa fito ambamo vitoto vya mbuzi vililala ili baridi isiviue. Alinipa maziwa kwenye kikombe chake mwenyewe. Nilisita, nikanywa. Akauliza nimefukuzwa kwa nini, nikamwambia: sungura. Akawatafsiria wanawake wawili waliokuwa wamekuja kunitazama, nao wakapiga mapaja.

"Yule wa porini?"

"Wa kufugwa."

"Ana maziwa?"

"Hana."

"Mnakunywa damu yake?"

"Hapana. Ni wa kushika tu."

Walicheka mpaka mmoja akajifuta machozi kwa shuka. Kisha Mama Nasieku akanitazama, hacheki tena, anataka kuelewa, kama mimi ninavyotaka. "Sasa alikushinda nini?"

Nikamaliza maziwa. Akainuka, akavishika vitoto viwili vya mbuzi miguu, akavitupa upande wa kitanda chake kwa wanawe, akafuta kinyesi kwa mkono. "Lala hapo," akasema. Nilipaswa kumwambia. Miezi ya metimani ilikuwa bado haijaisha, na nilikuwa nimeingia katikati ya mifugo yake, nimekinywea kikombe chake. Nikafunga mdomo, nikajinyoosha kwenye joto, mgongo karibu na moto. Muda si mrefu kitoto kimoja kikarudi kutafuta mahali pake, kikanisimamia tumboni kwa kwato zake nne ndogo kali, kikanililia usoni. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani.

"Usipokipisha kitakukojolea," Mama Nasieku akasema kutoka upande wa pili.

Kilinikojolea. Sikusogea.